Kukusanya Maarifa ya Delta: Historia ya Alamisho na Ubao wa Mtandaoni, Ikitazamwa Kutoka Rufiji na Kibiti

Delta ya mto Rufiji, iliyo katika Wilaya ya Kibiti mkoani Pwani, imeandikwa kuliko sehemu nyingi za pwani ya Tanzania. Mikoko yake inafunika takriban hekta 53,000, na ndiyo msitu mkubwa kuliko wote wa aina hiyo katika Afrika Mashariki. Tangu mwisho wa karne ya 19 njia za maji za delta zimepimwa na wanamaji, wazee wa bonde lake wamehojiwa na wanahistoria, kaya zake zimeorodheshwa na watafiti wa afya, na ardhi yake imegombewa mahakamani. Matokeo ya kazi hiyo yote yametawanyika kwenye makabati ya Dar es Salaam, Berlin, London, Roma na Ottawa. Mwanafunzi wa Kibiti, ambaye habari hizo zinamhusu kuliko mtu mwingine, ndiye aliyekaa mbali nazo kwa muda mrefu.

Alamisho ni anwani ya ukurasa wa mtandaoni iliyowekwa akiba ili ifunguliwe tena. Ubao wa mtandaoni ni ukurasa ambapo watu wengi hubandika anwani, picha, video na maelezo mafupi mahali pamoja. Zana hizi zilibuniwa kwa ajili ya tatizo moja: habari zipo tele, lakini hazijapangwa kwa namna inayomfaa anayezihitaji. Rufiji ililijua tatizo hilo karibu karne nzima kabla ya intaneti kufika.

Kumbukumbu zilizoondoka

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi kusini ya mto Rufiji. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa yaliyowaunganisha wapiganaji, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Maelezo ya mwanzo ya vita hivyo yaliandikwa na maofisa wa serikali iliyokuwa ikipigana. Wenyeji walibaki na masimulizi, nayo yalikaa midomoni mwa wazee kwa zaidi ya miaka 60 bila kuwekwa kwenye karatasi kwa mpango wowote.

Miaka kumi baadaye delta yenyewe ilionyesha faida anayoipata mwenye taarifa iliyopangwa. Manowari ya Ujerumani iitwayo Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya mikono ya Rufiji. Wajerumani walikuwa wamezipima njia hizo kabla ya vita. Ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli kubwa kama ile ingeweza kuingia humo. Waingereza waliizingira delta, wakaleta ndege za upelelezi na manowari za kina kifupi, Severn na Mersey, na ndipo Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Chini ya utawala wa Uingereza, mkusanyo mkubwa zaidi wa taarifa za bonde la Rufiji ulifanywa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Wataalamu wake walipima maji, udongo na uwezekano wa umwagiliaji katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na ripoti yao ya juzuu kadhaa ikatolewa Roma mwaka 1961, mwaka uleule ambao Tanganyika ilipata uhuru. Ilikuwa kazi ya kina, iliyoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wahandisi na wapangaji wa maendeleo. Mkulima aliyelima mlau, yaani kilimo cha kufuata maji ya mafuriko yanapopungua, alikuwa ametoa sehemu kubwa ya ujuzi uliomo ndani yake, lakini hakuwa miongoni mwa wasomaji wake.

Chuo, redio na ubao wa kijiji

Hatua ya kwanza ya kuyarudisha maarifa hayo kwa wenyewe ilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1968 Idara ya Historia iliendesha mradi wa utafiti wa Maji Maji, ambamo wanafunzi walikwenda katika maeneo yao kuwahoji wazee walioziona au kuzisikia siku za vita. Mwaka huohuo John Iliffe na Gilbert Gwassa walichapisha mkusanyo wa kumbukumbu za vita hivyo, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake, Kinjeketile, iliyokuja kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari. Mpangilio wa kazi ile ulifanana na ule ambao zana za mtandaoni zingekuja kuutumia baadaye: watu wengi, kila mmoja akileta kipande chake, na kila kipande kikiwa na jina la mahali na la msimulizi, kisha vyote vikawekwa pamoja ili vilinganishwe.

Wakati huohuo maisha ya bonde yalikuwa yakibadilika. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, na wakulima waliokuwa wakiishi kandokando ya mashamba yao, wengine katika madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo, walihamishiwa katika vijiji vipya vilivyojengwa kwenye miinuko. Pamoja na kijiji kipya ilikuja ofisi ya kijiji, na pamoja na ofisi ulikuja ubao wa matangazo. Taarifa za mikutano, mapato na matumizi, mgawo wa mbegu na tarehe za chanjo zilibandikwa hapo.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Mafia, kisiwa kinachoikabili delta, ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya nyingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 nchini kote. Vikundi vilikutana kusikiliza redio, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu kwa sauti, wanakikundi wakajadili na kuamua la kufanya, kama vile kuchimba choo au kufyeka nyasi. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mbinu hii iliacha funzo kwa wote waliokuja kutumia vyombo vya mawasiliano katika elimu vijijini: somo lilishika pale ambapo kikundi kilikuwa na mtu wa kulichagua, kulisoma na kulisimamia. Redio peke yake haikutosha.

Kambamiti, mipango ya vijiji na takwimu za afya

Muongo wa 1990 ulileta mgogoro ulioifanya delta ijulikane duniani. Kampuni ya African Fishing Company iliomba kufuga kambamiti katika eneo la takriban hekta 10,000 ndani ya delta. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilishauri mradi ukataliwe, lakini serikali iliuidhinisha mwishoni mwa 1997. Wanavijiji waliupinga, wakasaidiwa na mawakili wa mazingira wa LEAT kufungua kesi, na Chama cha Waandishi wa Habari za Mazingira, JET, kikalipeleka suala hilo magazetini. Mitandao ya kimataifa ya kutetea mikoko ilisambaza habari hizo kwa barua pepe na kwenye tovuti. Mradi haukutekelezwa. Kwa mara ya kwanza shauri la delta liliacha kumbukumbu kwenye intaneti, katika wakati ambao ni wakazi wachache mno wa delta waliokuwa wamewahi kuuona mtandao huo.

Mwaka 1998 Halmashauri ya Wilaya ya Rufiji, ikisaidiwa kitaalamu na Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Maumbile, IUCN, na fedha za Uholanzi, ilianza mradi wa usimamizi wa mazingira uliojulikana kwa kifupi kama REMP. Vijiji vya majaribio, vikiwemo Jaja na Twasalie vya delta, vilitengeneza mipango yao ya kutunza misitu, samaki na ardhi. Wanakijiji walichora ramani zao, wakaorodhesha mimea na wanyama kwa majina ya wenyeji, wakataja matatizo na kuyapanga kwa uzito. Mradi ulipokwisha mwaka 2003 ulikuwa umetoa makumi ya ripoti za kiufundi. Hadi leo ni hazina kubwa ya maelezo ya ikolojia ya Rufiji katika lugha inayoeleweka na mtu asiye mtaalamu, ingawa nyingi ziko kwa Kiingereza.

Jambo la namna hiyo lilikuwa likifanyika pia upande wa afya. Mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, ulichagua Rufiji na Morogoro Vijijini kujaribu swali moja: je, wilaya ikipewa ushahidi ulio wazi juu ya magonjwa yake, itatumia fedha zake vizuri zaidi? Kuanzia Novemba 1998 kituo cha Ikwiriri, kilichokuja kuwa chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, kiliwafuatilia watu wapatao 85,000, kikitembelea kila kaya mara tatu kwa mwaka kuandika vizazi, vifo na uhamaji. Takwimu hizo ziligeuzwa kuwa michoro rahisi ambayo timu ya afya ya wilaya iliweza kuisoma kwa dakika chache. Malaria ilipoonekana kwenye mchoro kuwa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya vifo huku ikipata sehemu ndogo ya bajeti, bajeti ilibadilishwa. Katika miaka mitano vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Taarifa zilikuwepo tangu zamani. Safari hii zilichaguliwa na kupangwa kwa ajili ya mtu mwenye uamuzi wa kufanya.

Mwaka 2003 na kuzaliwa kwa alamisho za pamoja

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji, na safari ya Dar es Salaam kwenda mikoa ya kusini haikutegemea tena kivuko. Mwaka huohuo Tanzania ilipata sera yake ya kwanza ya teknolojia ya habari na mawasiliano, na Wikipedia ya Kiswahili ilifunguliwa. Mbali na hapo, jijini New York, Joshua Schachter, aliyekuwa mfanyakazi wa benki ya Morgan Stanley, alifungua tovuti iliyoitwa del.icio.us.

Alamisho zenyewe hazikuwa jambo geni. Vivinjari vya kwanza kama Mosaic, mwaka 1993, tayari vilimwezesha mtu kuhifadhi anwani za kurasa alizozipenda. Wazo la msingi lilikuwa la zamani zaidi. Mwaka 1945 mhandisi wa Marekani Vannevar Bush alieleza mashine ya kufikirika, memex, ambayo ingemwezesha msomaji kuunganisha maandishi kwa njia zake mwenyewe na kumrithisha mwenzake njia hizo. Upungufu wa alamisho za kivinjari ulikuwa kwamba zilifungiwa ndani ya kompyuta moja. Schachter aliziweka wazi mtandaoni na kumruhusu kila mtumiaji kuzipa lebo kwa maneno yake. Anayetafuta kurasa kuhusu mikoko aliweza kubofya lebo hiyo na kuona watu wote walichohifadhi chini yake. Mwaka 2005 Yahoo! iliinunua huduma hiyo, na kufikia mwisho wa 2008 ilidai kuwa na watumiaji zaidi ya milioni 5.

Walimu na wakutubi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona manufaa yake. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilitengeneza PennTags, iliyowawezesha wanafunzi kuhifadhi kurasa za mtandaoni na rekodi za katalogi ya maktaba mahali pamoja. CiteULike na Connotea, zote za mwaka 2004, zililenga makala za kisayansi. Diigo ya mwaka 2006 iliongeza uwezo wa kupigia mstari sentensi ndani ya ukurasa na kuacha maoni pembeni, kisha ikaanzisha akaunti za walimu ambamo mwanafunzi asiye na barua pepe aliweza kuandikishwa. Wallwisher, iliyokuja kuitwa Padlet, ilileta ukuta mtupu ambapo darasa zima lilibandika vikaratasi vya kidijitali, na Pinterest ya mwaka 2010 ikaugeuza ubao wa picha kuwa desturi ya mamilioni.

Katika ufundishaji zana hizi zilihamisha kazi ya kuchagua. Injini ya kutafutia humpa mwanafunzi maelfu ya majibu yaliyopangwa na kampuni. Mkusanyo wa alamisho humpa machache yaliyopangwa na mwalimu, pamoja na sababu ya kila moja kuwepo. Mwalimu alipowataka wanafunzi wenyewe wakusanye na kuweka lebo, walilazimika kusoma ukurasa, kuuliza nani kauandika na lini, na kuamua unahusu nini. Kazi ya kuainisha ikawa somo lenyewe.

Mtandao wafika, majina yabadilika

Tanzania ya mwaka 2003 ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti, na gharama zake zilikuwa kubwa. Hata hivyo maandishi ya Kiswahili yalianza kuongezeka mtandaoni. Ndesanjo Macha aliandika blogu ya Kiswahili kuanzia 2004, Muhidin Issa Michuzi akaanza ya picha na habari mwaka 2005, na jukwaa la JamiiForums likafuata. Mwezi Julai 2009 kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam kupitia baharini, mwaka uliofuata ikaja ya EASSy, na mkongo wa taifa ukaanza kusambazwa mikoani. Kwa wakazi wengi wa Rufiji, hata hivyo, mtandao haukuja kwa kompyuta wala kwa maktaba. Ulikuja kwa simu ya mkononi, kwa bando la siku au la wiki.

Elimu ya sekondari nayo ilipata huduma zake. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Faraja Nyalandu, iliweka notisi na mazoezi yanayofuata mtaala wa Tanzania. Baraza la Mitihani liliweka matokeo na fomati za mitihani kwenye tovuti yake. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, uligharamia minara katika maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara na kompyuta kwa baadhi ya shule za umma. Kukusanya anwani za huduma hizo kwenye ukurasa mmoja kulianza kuwa na maana kwa mwalimu aliyekuwa na angalau kompyuta moja na projekta.

Katikati ya muongo wa 2010 Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji, ikichukua delta pamoja na kata za Bungu, Mchukwi, Mjawa na nyingine. Mgawanyo huo ulileta tatizo la uainishaji ambalo programu hailitatui yenyewe. Karibu kila ripoti ya zamani inayohusu Jaja, Salale au Maparoni ina jina la Rufiji. Anayetafuta neno Kibiti peke yake huzikosa. Wajerumani waliandika Rufidji na Mohorro. Bwawa lililojadiliwa kwa miongo kadhaa kwa jina la Stiegler's Gorge sasa ni Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Mkusanyo usiobeba majina ya zamani na mapya kwa pamoja humwonyesha msomaji nusu tu ya habari.

Tatizo la pili lilitokana na habari za wakati huo. Kati ya 2015 na 2017 maofisa wa vijiji, polisi na raia waliuawa katika mfululizo wa mashambulizi yaliyoitwa mauaji ya Kibiti, na serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji. Vyombo vya habari vya ndani na nje viliiandika Kibiti kwa mauaji hayo hasa. Mwanafunzi aliyetafuta jina la wilaya yake alikutana na mauaji kabla ya kukutana na mikoko, mpunga au Maji Maji. Mkusanyo uliotengenezwa na watu wa mahali penyewe huweza kuipa historia hiyo chungu nafasi yake bila kuiacha ifunike mengine yote.

Tangu korona hadi vishikwambi

Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wengine mwishoni mwa mwezi huo. Katika miezi hiyo vipindi vya redio na televisheni vilirudia kazi ambayo redio iliifanya mwaka 1973, na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ilizidi kutangaza maktaba yake ya mtandaoni ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Sensa ya Agosti 2022 ilipokwisha, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu wa shule za umma. Mwalimu wa kijijini akawa na kifaa chenye skrini kubwa kuliko simu, kilichoweza kuhifadhi mkusanyo wa masomo.

Ubao uliotumika zaidi, hata hivyo, haukuwa Padlet wala Diigo. Ulikuwa WhatsApp. Makundi ya walimu wa somo, ya wazazi na ya wanafunzi waliomaliza shule yalisambaza pepa za mitihani ya nyuma, notisi zilizopigwa picha na sauti zilizorekodiwa. Sababu yake ni nyepesi: programu hiyo tayari ilikuwemo kwenye simu, na bando za bei nafuu huihudumia vizuri. Udhaifu wake nao ni mmoja. Ujumbe wa Januari huzikwa na salamu, matangazo ya misiba na picha za harusi za Februari. Kuweka nyota kwenye ujumbe, na uwezo wa kubandika ujumbe juu ya kundi ulioongezwa mwaka 2023, vilipunguza tatizo hilo kidogo tu. Kundi halina lebo, halina mada, na anayejiunga leo kwa kawaida haoni yaliyotumwa jana.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalionyesha tofauti kati ya kundi la simu na ubao uliopangwa. Maji yalifunika mashamba na makazi katika Rufiji na Kibiti, na picha zake zilijaa kwenye simu. Somo la jiografia juu ya mafuriko hayo lingehitaji kuziweka picha hizo kando ya maelezo ya mafuriko ya 1968 yaliyozaa Operesheni Rufiji, ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, vipimo vya mto vya FAO, ripoti za REMP na taarifa za bwawa jipya. Ubao uliopangwa kwa miaka humwezesha mwanafunzi kuona kwamba mafuriko ya Rufiji ni mfumo wa kale ambao kilimo cha mlau kilijengwa juu yake, na kuuliza ni nini kimebadilika.

Somo la mikoko nalo hupangika vizuri kwa njia hiyo. Delta ina aina nane za mikoko, zikiwemo mkoko wenyewe, mchu, mlilana, msinzi, mkandaa, mkomafi na msikundazi. Ubao unaweza kubeba picha ya kila mti iliyopigwa na wanafunzi wa Nyamisati au Mbwera, jina la Kiswahili na la kisayansi, matumizi yake katika ujenzi wa nyumba na mashua, na kando yake picha za setilaiti. Kumbukumbu za Landsat, zinazoanzia 1972, zilifanywa kuwa za bure mwaka 2008, nazo zinaonyesha jinsi mashamba ya mpunga yalivyoingia ndani ya msitu kaskazini mwa delta. Hifadhi ya ardhioevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa, iliyoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2004, ina maelezo rasmi yanayoweza kulinganishwa na yale ambayo wavuvi wa hapo wanayajua.

Huduma zinazokufa na mikusanyo inayobaki

Historia ya zana hizi ni pia historia ya kufungwa kwake. Connotea ilifungwa 2013, CiteULike 2019, alamisho za Google 2021, na Pocket ya Mozilla Julai 2025. Del.icio.us iliuzwa mara kadhaa hadi mwaka 2017, iliponunuliwa na Pinboard, huduma ndogo ya Maciej Cegłowski, kwa dola 35,000, ikazuiwa kupokea alamisho mpya. Mwaka 2018 Padlet ilipunguza idadi ya mbao ambazo mtumiaji asiyelipa anaweza kuwa nazo, na walimu duniani wakalalamika. Mwaka huohuo kanuni za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania ziliwataka wamiliki wa blogu na majukwaa kukata leseni, na baadhi ya kurasa za Kiswahili zikanyamaza.

Kurasa zenyewe pia hupotea. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa 2024 ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Kwa hiyo kuhifadhi anwani hakulingani na kuhifadhi maarifa. Dawa iliyozoeleka ni kuiagiza Wayback Machine ya Internet Archive ipige nakala ya ukurasa, kisha kuhifadhi anwani zote mbili. Huduma nyingi za alamisho humruhusu pia mtumiaji kutoa orodha yake yote kama faili moja, inayoweza kufunguliwa kwa kivinjari chochote.

Mipaka ya kisheria nayo ina sehemu yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda vitabu na picha za watu, na alamisho humwelekeza msomaji kwenye chanzo bila kunakili kazi ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, jambo linalohitaji uangalifu pale ambapo majina na picha za watoto hubandikwa kwenye ukuta ulio wazi kwa dunia nzima.

Kwa visiwa vya delta, ambako safari ni ya mashua au mtumbwi na mtandao ni wa kubahatisha, suluhisho lililo karibu ni mkusanyo usiohitaji intaneti. Kiwix huiweka Wikipedia nzima, ikiwemo ya Kiswahili, ndani ya kadi ya kumbukumbu. Kolibri, yenye menyu kwa Kiswahili, huruhusu masomo yaliyochaguliwa yajazwe kwenye kompyuta moja mahali penye mtandao, kisha vifaa vya darasa viyasome kupitia mtandao wa ndani wa shule. Pamoja na hayo pepa zilizochapwa kwenye stesheneri za Kibiti mjini zinaendelea kufanya kazi yake, kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu.

Vipande vya kuyarudisha maarifa ya Rufiji kwa wanafunzi wake sasa vingi vipo: vishikwambi kwa walimu, vitabu vya TET mtandaoni, kumbukumbu za setilaiti za bure, na maandishi ya zaidi ya karne moja. Mikusanyo iliyofaulu, kutoka ya wanahistoria wa 1968 hadi ya kituo cha Ikwiriri, inafanana katika mambo matatu. Kila kipande kilipewa jina la mahali, la wakati na la aliyekitoa. Nakala yake ilikaa mahali zaidi ya pamoja. Na kulikuwa na watu waliopewa kazi ya kuichuja na kuipanga upya kadiri mambo yalivyobadilika. Mkusanyo wa alamisho wa shule ya Kibiti unahitaji hayohayo: lebo zenye majina ya kale na mapya, faili iliyohifadhiwa nje ya kampuni moja, na mwalimu anayeukagua kila muhula.